Mayi Mbele ya Mama Mukwe

Miye ni muntu wa matofali. Masomo sikupata mengi: darasa ya pili, basi, na hata ile sikuimaliza. Lakini upite leo mu muji huu, wenye wakati ule tuliuita Élisabethville, uangalie kuta za nyumba upande wa cité, mitaa ya bantu beusi. Zile zenye hazijapasuka, nusu ni zangu. Sisemi vile kwa kujisifu, ninasema juu ni kweli. Nilianza kwa kubeba udongo wa kichuguu juu ya kichwa, kwa tanuru za bengine, na mbele ya kufikisha myaka makumi tatu nilikuwa na tanuru tatu zangu mwenyewe, bantu ba kazi kumi na bane, na baiskeli mbili. Muzungu akitaka tofali yenye inalia kama kengele ukiigonga, alitumwa kwangu. Kwa nani mwingine?

Sasa, kazi ya tanuru ilikuwa na sheria yake, na hakuna aliyeiandika. Muntu wa kwanza kwenda ku pipa ya mayi alichekwa mpaka Jumamosi. Banamwita bibi-harusi. Banamuuliza kama amechoka, kama tumuletee kiti. Na miye, kama mwenye tanuru, nilipaswa kuwa wa mwisho. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, moto uko mbele yako na jua iko nyuma yako, nilisimama toka asubui mpaka sirene ya saa sita bila kutia hata tone mu kinywa. Mangaribi nilikula bukari, ule ugali wetu, na samaki ya chumvi, nikakunywa kopo ya munkoyo, pombe nyepesi ya mahindi, nikalala. Vile vile myaka kumi na mbili. Nilijiita chuma, na bengine nao baliniita vile.

Chuma ilianguka siku ya Jumatatu. Maumivu ilianza chini ya mbavu, upande wa kushoto, ikashuka mbele mpaka mahali siwezi kutaja. Nilijikunja chini mu vumbi kama jongoo yenye imeguswa. Bantu bangu balisema ni ulozi wa mushindani wangu mwenye tanuru ngambo ya muto. Mumoja tu alikuwa na akili, akaniweka nyuma ya baiskeli, akanipeleka ku lopitali ya bantu beusi. Munganga alipiga foto ya tumbo, akasema kuna jiwe mu figo, kubwa, haiwezi kupita yenyewe. Akanipasua. Ile kovu iko ndefu kama kisu ya jikoni, na sikulia. Masere wa pale, yule mutawa mwenye kusimamia chumba yetu, alisema hajaona mugonjwa mugumu kama miye. Alisema vile mara mbili.

Jiwe yenyewe ilikuwa kama punje ya maharagi, yenye miiba miiba. Barafiki balipokuja kuniona, baliizungusha mu mikono.

"Bengine banashuka chini ya udongo kutafuta mawe," mumoja akasema, "weye unachimba mu tumbo yako!"

"Iko ya kijani?" mwingine akauliza. "Kama iko na shaba, ficha mbio. Bazungu bakisikia, batazungusha senyenge ya miiba ku tumbo yako, utaomba ruhusa ya kuingia."

Nilicheka mpaka nikashika kidonda. Masere akabafukuza bote.

Siku yenye nilitoka, masere alikaa chini kando ya kitanda yangu, akaongea polepole, juu alijua miye sisomi karatasi. "Jiwe imetoka," akasema, "lakini kiwanda yenye iliitengeneza ingali mu kazi. Ukiiacha kavu, itatengeneza ingine." Kisha akanipa sheria zake. Mayi: kikombe ukiamuka, kikombe na kila chakula, vikombe katikati, kikombe ukienda kulala. Usikunywe yote mara moja kama ngombe. Gawanya siku nzima. Kamulia ndimu ndani. Samaki ya chumvi uiache, nyama kidogo. Mikojo ikiwa safi kama mayi ya chemchemi, uko muzuri. Ikiwa na rangi ya chai, unapika jiwe. Ukisikia maumivu ya kidonda, weka kitu cha moto kilichofungwa mu kitambaa, tembea kidogo kidogo. Ukikohoa, kumbatia muto wa kulalia. Ukiona damu nyingi ao homa, rudia hapa. Na usibebe kitu kizito mpaka mwezi na nusu iishe.

Mwezi na nusu! Miye, mu nyumba, kama kuku yenye inaotamia!

Lakini nitasema kweli: siku za kwanza zilikuwa tamu. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, aliniangalia kama mutoto wa kuzaliwa jana. Kila mangaribi aliweka tofali mu makaa, akaitoa, akaifunga mu kipande ya kitenge, akaipima kwanza ku shavu yake mwenyewe, kisha akaniwekea mu mugongo. Ilikuwa tofali yangu, na ninaomba ujue kitu kimoja: tofali ya muntu mwingine inapoa mbele ya kumaliza rozari moja. Yangu ilifika rozari mbili na inaanza ya tatu. Alikaa pale ananikamulia ndimu, ananiambia habari ya tanuru, juu sasa yeye ndiye alikuwa anakwenda kuzisimamia. Bantu ba kazi balimuogopa kuliko miye.

Ndio pale shida ilianzia. Bibi hawezi kuwa ku tanuru na kuwa ku nyumba, na tulikuwa na batoto babili badogo. Akaita mama yake kutoka Kambove.

Kwetu, sisi Baluba ba upande wa kaskazini, mama mukwe ni kitu ya kuogopa kuliko padri. Hamuangaliane uso. Haukule mbele yake. Mukikutana mu njia, mumoja anaingia mu majani. Kama kuna neno ya lazima, unaiambia muntu mwingine ao kitu kingine, naye anasikia pembeni. Sheria ile inabaki mpaka siku bajomba bakutane, mbuzi ichinjwe, na mama mukwe akukunywishe na mukono wake. Siye hatukuwa tumeifanya, juu kila mwaka nilikuwa na tanuru ya kuchoma. Myaka tisa ya ndoa nilimujua yule mama kwa visigino na kwa kikohozi. Na kitu cha mwisho kabisa, chenye hata kichaa hafanyi: mama mukwe asikuone ukienda musalani. Hapana. Afazali akuone mulevi.

Sasa angalia parcelle yangu, eneo yote ya nyumba. Nyumba mbele, ku barabara. Nyuma, kiwanja. Mwisho wa kiwanja, musalani. Na katikati, ku mulango wa jikoni, kinu, na kiti kidogo, na juu ya kile kiti, toka jua kutoka mpaka jua kuingia, mama mukwe wangu anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Siku mbili za kwanza nilitumia akili. Nilitoka na mulango wa mbele, nikaenda musalani ya jirani, fundi wa nguo, Mukasai mwenye kusoma, mwenye kuvaa kravati hata Jumatatu. Siku ya tatu nilipotoka mule, alikuwa ku mashini yake chini ya baraza, na babibi bane banangojea nguo zao.

"Bwana Tofali," akasema na sauti ya kutosha, "ni mara ya tano leo. Unajenga nini mule ndani?"

"Tumbo, ndugu yangu. Dawa ya munganga."

"Aa, tumbo. Bibi yangu anauliza kama tukupatie funguo yako." Babibi bakaanza kucheka. "Muntu wa tanuru tatu! Unajengea bazungu nyumba na vyoo ndani, weye mwenyewe unakuja kuomba yangu?"

Hakuwa mubaya, alikuwa anacheza tu. Lakini miye ni muntu wa jina. Niliinamisha kichwa, nikarudi kwangu, nikafunga mulango, na pale nikafanya ujinga wenye sijaurudilia tena: niliamua kuacha mayi. Nilihesabu hivi: muntu asiyekunywa, haendi. Muntu asiyekwenda, haonekani. Mama mukwe atarudi Kambove, heshima yetu iko nzima, kisha nitakunywa hata muto.

Kila asubui, mbele ya kwenda ku tanuru, bibi yangu aliacha jagi ya mayi ya ndimu kando ya kitanda, na kitambaa juu. Miye nilisubiri visigino vyake vitoke, nikamwaga yote ku dirisha, nikabakisha kikombe kimoja cha kulowesha ulimi. Mangaribi anarudi na vumbi nyekundu mu nywele, kitu ya kwanza anainua jagi.

"Imeisha! Uko unakunywa muzuri, baba. Nilikuwa na woga utaniangusha."

Na ananipangusa uso na mukono wake wenye kunuka moshi. Alifurahi sana. Furaha yake ile iliniuma kuliko kidonda, na bado asubui yake nikamwaga tena.

Mara moja tu kila usiku, bote bakilala, ndio nilitoka. Ilitosha. Siku ya tano bila mayi nikaangalia mikojo: rangi ya chai. Siku ya saba: rangi ya kichuguu. Nilijua. Masere alikuwa ameniambia, na miye si muntu wa kusahau. Nilijua ninapika jiwe, na bado nililala pale ninasikiliza kinu: tu, tu, tu.

Siku ya tisa, saa tatu ya asubui, maumivu ilirudi. Mahali pale pale. Bibi alikuwa ku tanuru, batoto balikuwa bamekwenda kucheza kwa jirani. Niliuma blanketi. Nilikumbatia muto. Lakini figo haijui heshima, na sauti ikatoka.

Kinu ikanyamaza.

"Weye kinu," nikasikia kule inje, "ulisikia nani analia mule ndani?"

Jasho ilikuwa inaingia mu macho.

"Kinu, ninaongea na weye. Mwanaume wa hii nyumba anaumwa?"

Ikabidi nijibu, na nilijibu vile sheria inaruhusu. "Weye mulango, ambia mama hakuna kitu. Ni kidonda inakauka."

"Kinu, ambia mulango hajui kudanganya. Kidonda yenye inakauka hailiye vile. Tena umuulize neno ingine. Mvua haijaanza, mawingu haiko. Lakini kila asubui chini ya ile dirisha kunalowana. Ile mvua ni ya nani?"

"Mulango, ambia mama ninanyweshea maua."

"Maua gani? Pale iko mawe tu."

Ningecheka, kama ningeweza. Badala yake nikapiga kelele ingine, na hii sikuweza kuiuma. Nikasikia kiti kinaanguka. Visigino vikaja, vile nilivyovijua, mpaka ku mulango wangu, vikasimama. Nikavuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

"Unaogopa nione ukipita," akasema. Hakusema tena kwa kinu. "Ndio vile?"

Chini ya blanketi nilikuwa naitika na kichwa, kama mutoto, na naona alijua.

"Yesu wangu. Siku zote hizi ninakaa pale kwa sababu kuko kivuli tu." "Sikiliza. Nilizika bwana. Nilizika mutoto mwanaume. Sitazika mukwe yangu juu ya musalani."

"Mama, sheria…"

"Ninajua sheria, miye ndiye nilifundisha bibi yako. Inataka mbuzi. Uko na mbuzi mule chini ya blanketi?"

"Hapana, mama."

"Basi, tutaanza na mayi. Bajomba ba Kambove bakiuliza mbuzi iko wapi, nitajibu miye mwenyewe. Bale ni bandugu bangu badogo bote, nilibabeba ku mugongo."

Alikwenda, akarudi. Nikasikia ndimu inakamuliwa. "Toa blanketi."

"Mama, naona haya."

"Yangu nimeiacha kule ku kinu. Toa yako."

Nikatoa. Na kwa mara ya kwanza mu myaka tisa nikaona uso wa mama mukwe wangu. Nilikuwa nimewaza uso mukali, kama wa mwalimu. Ilikuwa uso wa bibi yangu, yenye myaka makumi tatu imepita juu yake: paji ile ile, na ule mudomo wa chini wenye kutoka mbele kidogo muntu akiwa na mashaka. Macho yalikuwa na mayi. Hakuyapangusa. Alikunywa nusu ya kikombe, mbele yangu, nikamuona akimeza. Kisha akashika kisogo yangu, akanikunywisha nusu ingine.

"Polepole," akasema. "Si mashindano."

Alitia tofali mu makaa, akaileta mu kitambaa. Alipoiweka ku mugongo, aliacha vidole juu yake kidogo.

"Inashika moto muzuri hii. Nani aliichoma?"

"Miye, mama."

"Iko tofali ya kweli."

Baenjinia ba bazungu balishasifu tofali yangu, na musimamizi wa kanisa kubwa pia, na niliwajibu bote "ninajua." Siku ile nilisema, "Aksanti, mama."

Kikombe nyuma ya kikombe, na kutembea kidogo mu chumba kati ya kikombe na kikombe, mpaka saa sita ikapita. Kisha mwili ukaomba kile chenye niliukatalia siku tisa. Akaona uso wangu.

"Simama. Nishike hapa."

Tukapita kiwanja chote, mwangaza kamili wa mchana, miye nimeegemea bega ya mama mukwe. Jirani fundi aliacha mashini. Akavua kofia. Mama akaniacha ku mulango wa musalani, akageuka, akanipatia mugongo, na akaanza kuimba wimbo wa Pasaka kwa nguvu yote, ndani ya mwezi wa kumi, kusudi muntu asisikie kitu. Masere alikuwa amenifundisha kukojolea juu ya kitambaa. Iliuma kama moto, ikatoka nyekundu, kisha ikatoka chai, na ku kitambaa ikabaki punje mbili kama muchanga wa muto. Maumivu ikaanguka pale pale, kama muzigo kutoka kichwani.

"Imetoka?" akauliza, wimbo katikati.

"Imetoka, mama."

Akamaliza ubeti wake.

Munganga, nilipomupelekea zile punje kesho yake, alizitazama ku kioo chake, akanifokea vizuri. Alisema figo yangu ilikuwa inaanza upya, na kama ningeongeza siku zingine kavu ningerudi juu ya meza ya kisu. Toka siku ile sijaacha. Natembea na chupa. Ku tanuru miye ndiye wa kwanza ku pipa, na mwenye kutaka kunicheka anicheke. Hakuna bado aliyejaribu. Chumvi kidogo, ndimu kila siku, na jiwe haijarudi mpaka leo, na nywele zangu zinaingia mvi. Ninaomba ujifunze hapa na uangalie mikojo yako. Si kitu ya kuona haya.

Lakini ninataka kusema mangaribi ya siku ile ile. Bibi yangu alirudi na vumbi yake, akapita pembeni ya nyumba, akatukuta. Tulikuwa tumekaa juu ya kiti kimoja kirefu, miye na mama yake, bega kwa bega, tunakunywa. Aliangusha kikapu. Akafunika uso na kitenge, juu alisikia haya mu nafasi yetu.

"Mama! Munafanya nini?"

"Ninakunywisha mutoto yangu," mama akajibu. "Alikuwa anamwaga mayi yako ku dirisha."

Nilitamani blanketi yangu. Bibi alishusha kitenge polepole, akaniangalia. Nilisema, "Nilikudanganya, mama ya batoto. Niliona haya." Hakunifokea. Ingekuwa nyepesi kama angenifokea. Aliingia ndani, nikasikia anajaza jagi; akatoka nayo, akakaa chini mbele yangu kabisa, magoti yake yanagusa yangu, vumbi ingali ku nyusi.

"Kunywa," akasema. "Leo ninaona na macho yangu."

Nikakunywa. Babili bao bananiangalia koo. Kikombe ya kwanza, ya pili. Ya tatu mama akacheka, bibi naye akacheka huku machozi inamutoka na kuchora njia mu ile vumbi. Kisha, vile inavyokuwa, mwili ukaita. Nikasimama, nikajishika ubavu.

"Mama," nikasema, na nilimuangalia mu uso, "ninapita."

"Pita, mutoto yangu," akasema, akasogeza miguu yake.